Mkono Mtupu Haulambwi: Maswali Yenu Kuhusu Kumfunza Mbwa kwa Upole

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji waliojiandikisha katika semina za kufunza mbwa bila fimbo wala mnyororo wa kukaba, au wanaosita kujiandikisha. Tumechagua saba.

Nina mbwa wa kienyeji wa miezi minane, ana kilo 15 hivi. Nimelipia semina ya siku mbili. Wametuambia tuje na "kitu cha kumzawadia", basi. Nibebe nini hasa, na kiasi gani?
*Mama wa Mukono*

Mama, anza na kadi ya chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari wa mifugo alivyoandika kwenye kadi. Kama ndiyo kwanza achomwe wiki hii, mwache nyumbani na uende peke yako kutazama, maana kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka. Semina ambayo haiulizi kadi hata moja getini inakusanya mbwa ishirini wasiojulikana uwanjani. Hiyo usiingie.

Sasa zawadi. Chukua maini ya ng'ombe, yachemshe dakika 15 bila chumvi na bila kitunguu. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Yakipoa, kata vipande vya ukubwa wa punje ya njegere, tandaza kwenye sinia na ukaushe juu ya moto mdogo hadi visinate tena vidoleni. Gramu 100 zilizokatwa hivyo hutoa vipande zaidi ya 300. Kwa siku moja beba gramu 100 za maini na gramu 100 za kuku wa kuchemsha asiye na ngozi. Usiongeze maini, ataharisha kabla ya saa kumi. Dagaa, au mukene kama tunavyowaita hapa Uganda, nao wanafaa, ila nunua wale wa kuliwa na watu. Wale walioanikwa mchangani kwa ajili ya chakula cha kuku wana mchanga mwingi. Waloweke, waoshe, wakaushe tena.

Watu wengi hukosea ukubwa. Kipande kikubwa kinatafunwa sekunde kumi, mbwa anainamisha kichwa kutafuta makombo, na zoezi limekufa. Kipande kizuri kinamezwa mara moja na macho yanarudi kwako.

Asubuhi mpe nusu ya chakula chake. Usimnyime kabisa, kwa sababu mbwa mwenye njaa kali hatulii, anarukia mfuko tu. Jioni punguza posho, kwani ameshakula nyama kutwa nzima.

Vifaa ni vichache. Mkanda wa kifuani usiosugua kwapa, unaopitisha vidole viwili chini yake. Kamba ya mita mbili ya kutembelea, na nyingine ya mita tano hadi kumi ya kufundishia "njoo". Hiyo ndefu usiifunge shingoni kamwe: mbwa akikimbia hadi mwisho wake, shingo ndiyo itakayopokea kishindo. Mfuko wa kiunoni kama ule wa wauza mboga sokoni. Maji na bakuli. Na lile gunia au mkeka anaolalia nyumbani, usioufua, kwa sababu harufu yake humtuliza mahali pageni. Jike aliye kwenye joto abaki nyumbani. Mbwa aliyewahi kumng'ata mtu, mwambie mkufunzi kabla ya siku ile, si mnapofika.

Jambo moja ili usije ukaona umepunjwa: mbwa wako atafanya kazi dakika tatu hadi tano, kisha atalala kivulini huku nyinyi mkijifunza kwa mikono mitupu. Ndivyo inavyotakiwa. Anayefunzwa zaidi pale ni wewe.

Mbwa wangu anakaa nikishika nyama. Nisiposhika, ananitazama kama hanijui. Rafiki yangu anasema hilo ndilo tatizo la njia hii ya zawadi.
*Fundi seremala, Jinja*

Fundi, mbwa wako hajakosea. Amejifunza kile hasa alichofundishwa, kwamba amri ni kipande cha nyama kinachoonekana. Mkono mtupu haulambwi, kweli, na malipo lazima yawepo. Lakini hata wewe hulipwa kiti kikishasimama, hufanyi kazi huku noti inapeperushwa mbele ya pua yako. Nyama inayotangulia kazi ni chambo. Inayofuata kazi ni mshahara. Semina nzuri hutumia saa nzima ya kwanza kutenganisha vitu hivi viwili.

Kinachovitenganisha ni sauti ya alama. Wakufunzi hutumia klika, kidude cha plastiki chenye kibati ndani kinacholia "tik". Ukikosa, kifuniko cha chupa ya jemu kile chenye kitovu kinachobonyea kinafanya kazi ileile, au neno fupi ambalo halisemwi ovyo nyumbani kwako. Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa hudondosha mate kwa ishara tupu, mradi ishara hiyo imetangulia chakula mara za kutosha. Basi bofya, kisha mpe kipande. Bofya, mpe. Mara 15 hadi 20 bila kumwomba chochote. Kisha subiri atazame pembeni, ubofye. Akigeuza kichwa ghafla kukutafuta, sauti imeshakuwa na thamani.

Ndipo uje kwenye kukaa. Shika kipande sentimita mbili mbele ya pua yake, kipandishe polepole kuelekea kati ya masikio. Pua inapanda, matako yanashuka. Yanapogusa ardhi, papo hapo, bofya. Mkono ukiwa juu mno ataruka. Ukiusukuma mbali nyuma atarudi kinyumenyume, basi mfundishe akiwa na ukuta mgongoni. Rudia mara tano tu.

Mara ya sita mkono uwe mtupu, vidole vimekunjwa vilevile, mwendo uleule. Atakaa, kwa sababu anafuata mkono. Bofya, na kipande kitoke kwenye mfuko wa kiunoni. Hapa ndipo wewe ulipokwama: ulirudia na nyama mkononi mara hamsini, ikawa sehemu ya amri.

Neno huja mwisho. Sema "kaa", hesabu sekunde moja, ndipo mkono usogee. Ukisema na kusogeza kwa pamoja, mbwa hufuata mkono na neno linampita kama upepo. Akipata mara nane kati ya kumi, ongeza ugumu kidogo. Akipata tano au chini, rudi hatua moja nyuma. Usiongeze vitu viwili kwa mpigo, kwa mfano muda mrefu zaidi na watu wengi zaidi.

Mwombe mtu akurekodi kwa simu, kisha mtazame polepole. Karibu kila mgeni huonekana akiingiza mkono mfukoni kabla ya kubofya. Mbwa huona mkono ukienda kwenye nyama, haisikii tena sauti, naye huanza kuinuka. Unabofya ameshainuka, na kwa hesabu yake umemlipa kwa kuinuka. Mkono ukae tuli kifuani. Bofya. Ndipo uende mfukoni.

Na alichojua sebuleni hakihami chenyewe kwenda uani, wala toka uani kwenda barabarani. Kila mahali papya anza karibu upya na ulipe kila mara, wiki mbili tatu. Baadaye badilisha: mara kipande, mara kumfungulia geti atoke, mara kumtupia mpira. Hivyo vyote ni mshahara kama anavitaka.

Kwetu kuna mkufunzi anayesema mbwa lazima ajue nani bwana. Humlaza chali na kumkandamiza shingo hadi anyamaze. Nitaitambuaje semina nzuri kabla ya kulipa?
*Msomaji, Mbarara*

Huyo usimpe mbwa wako. Nadharia ya mbwa mwitu (wolf kwa Kiingereza) mkuu anayetawala kundi kwa ubabe ilitokana na kutazama mbwa mwitu wasio ndugu waliofungiwa pamoja. Mtafiti Mmarekani David Mech aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 1970, na mwaka 1999 yeye mwenyewe akaandika kwamba porini kundi ni familia, baba na mama na watoto wao, wala hakuna vita vya kugombea ubwana. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko kwamba njia za zawadi zitumike kwa mbwa wote, hata wakali.

Mbwa aliyekandamizwa hunyamaza kwa hofu. Kibaya zaidi, hujifunza kuficha mngurumo. Mngurumo ni onyo lake. Ukiuua, unabaki na mbwa anayeng'ata bila kutangaza.

Kabla ya kulipa, piga simu uulize maswali matatu. Mbwa wangu akipatia, atapata nini? Akikosea, mtamfanya nini? Akikosea mara ya pili na ya tatu? Jibu zuri la maswali mawili ya mwisho ni "tutarahisisha zoezi". Ukisikia kuvuta, kumwagia maji, umeme au "kumrekebisha", kata simu. Uliza pia mbwa ni wangapi kwa kila mkufunzi. Zaidi ya wanane, muda wenu utaisha mkisubiri zamu. Omba kwenda kutazama bila mbwa. Ukifika, usimwangalie mkufunzi, waangalie mbwa: masikio yamelala nyuma, mkia umeingia tumboni, wanalamba pua na kupiga miayo wakati hawana usingizi? Mbwa anayekataa maini ana hofu au amezidiwa, na mkufunzi anayejua kazi humsogeza mbali mara moja bila kungoja kuambiwa.

Wanaodai upole ni mambo ya Wazungu wenye nafasi waitazame Gulu, kaskazini mwa Uganda, ambako manusura wa vita wamekuwa wakikabidhiwa mbwa na kufunzwa pamoja nao ili waishi wakifarijiana. Watu na mbwa ni wa hapahapa.

Nalinda nyumba usiku na mbwa wawili. Bosi anataka kuwapeleka semina ya upole. Je, hawatakuwa laini? Na wakizoeshwa kupewa nyama, mwizi si atawatupia yenye sumu?
*Askari wa zamu ya usiku, Entebbe*

Swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza, tuanze nalo. Mbwa anayeokota nyama ukutani ni yule asiyeshiba, na yule ambaye hajafundishwa kuacha. Kuacha kunafundishwa kwa zawadi hasa. Fumba kipande ngumini, kiteremshe mbele yake. Atanusa, atalamba, atakwaruza. Wewe nyamaza. Pua ikirudi nyuma hata kwa sentimita moja, bofya, na umpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Kile cha ngumini asikipate kamwe, la sivyo unamfundisha kungoja. Akizoea, kiganja wazi. Kisha kipande ardhini chini ya kiatu. Kisha ardhini wazi. Mwisho, mtu asiyemjua atupe vipande kando ya ukuta wakati mbwa hayupo, nawe umpitishe pale akiwa kwenye kamba. Hesabu wiki nyingi, si siku mbili za semina.

Hata hivyo hakuna zoezi linalofunga kinywa saa tisa usiku usipokuwepo. Washibishe jioni, zunguka ukuta kwa tochi kabla ya kuwafungulia, na vibanda vyao viwe mbali na ukuta wa barabarani. Ukiona mbwa anatokwa mate, anatetemeka au amekakamaa misuli, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo na mabaki ya nyama kwenye mfuko, umevaa glavu. Maziwa na mafuta ya kupikia havitoi sumu, vinakupotezea dakika.

Kuhusu ulaini: zawadi haiondoi kubweka, inakupa uwezo wa kuzima kubweka huko. Waache wabweke mara tatu nne, nenda ukaangalie, sema "asante", waite, walipe. Baada ya muda mbwa hubweka, kisha huja kwako kutoa taarifa. Mbwa anayefungwa mnyororo kutwa, akibwekea jani na mwizi kwa sauti ileile, ndiye asiyekusaidia.

Asalaam alaikum. Tuna mbwa wa ulinzi, nami natakiwa kwenda naye semina. Nitamlishaje zawadi bila mate yake kunigusa?
*Baba wa Bombo*

Wa alaikum salaam. Mambo ya hukumu muulize sheikh wako. Sisi tunajua kwamba katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na kwamba Qurani yenyewe, Suratul Maida aya ya 4, inataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa.

Kwa upande wa ufundi, zawadi haihitaji kupita mkononi. Bofya, kisha dondosha kipande ardhini kati ya miguu yake ya mbele. Kwa zoezi la kutembea kandokando yako tumia mwiko mrefu uliopakwa karanga za kusaga zisizo na chumvi wala sukari, binyebwa ya kawaida kabisa, umteremshie alambe mara moja. Badala ya kumwongoza kwa kiganja, mfundishe kugusa ncha ya kijiti kwa pua: msogezee, akigusa bofya, dondosha kipande. Kwa kijiti hicho utamketisha, utamlaza na utamzungusha. Tenga buti za mpira na ovaroli ya kazi hiyo, na glavu za kufungia kamba. Mwambie mkufunzi mapema. Anayejua kazi yake hatashangaa.

Nyumbani mimi nasema "kaa", dada wa kazi anasema "tuula" kwa Kiganda, watoto wanasema Kiingereza. Mbwa atajifunza lugha ngapi?
*Msomaji, Ntinda*

Anaweza kujua maneno matatu ya kitendo kimoja, ila atachelewa. Kubalianeni neno moja, liandikwe kwenye karatasi mlangoni mwa jikoni, na kila mtu atumie ishara ileile ya mkono, kwa sababu mbwa husoma mwili kabla ya neno. Angalieni Kiswahili chetu chenyewe: "kaa" ni kuketi na pia ni kubaki. Kuketi iwe "kaa", kubaki iwe "tulia". Na semeni mara moja. Anayesema "kaa, kaa, kaa" amemfundisha mbwa kwamba amri ina maneno matatu.

Mbwa wetu anakimbiza boda hadi dereva ameanguka. Semina ni mwezi ujao. Tuanze na nini?
*Familia, Mbale*

Anzeni na geti. Kila boda analolifukuza hukimbia, na kwa mbwa huo ni ushindi, malipo makubwa kuliko maini yoyote. Kila siku anayopata nafasi ya kukimbiza inafuta kazi ya wiki. Mpaka semina, hatoki bila kamba.

Kisha tafuteni umbali wake. Simameni naye mahali anapoliona boda lakini bado anakula, hata kama ni mita 50 ndani ya shamba la mihogo. Boda linatokea, kipande, kipande, kipande. Boda limepotea, chakula kimekwisha. Utaratibu huo usigeuzwe: chakula kikitangulia, kitakuwa onyo kwamba boda linakuja. Dakika tano au mabodaboda kumi, kisha nyumbani. Siku anapoliona boda na kugeuka mwenyewe kuwatazama, mara nane kati ya kumi, sogeeni mita mbili au tatu. Akiruka na kuvuta kamba, mlikuwa karibu mno. Geukeni mwondoke naye bila kelele, na kesho rudini umbali wa juzi.

Sambamba na hilo, mlipeni kijana wa stejini nusu saa ya muda wake. Kwanza pikipiki imezimwa na imesimama. Halafu anaisukuma kwa mkono. Halafu injini inanguruma ikiwa imesimama. Halafu inakwenda polepole, ikiwaacha ubavuni na si kuwajia usoni. Kila hatua siku mbili tatu. Dereva avae helmeti tangu siku ya kwanza, kwa sababu kwa mbwa wengi kichwa kile cha duara kisicho na uso ndicho kinachoanza kuwatisha, hata kabla ya magurudumu.